Roma Upande wa Jua la Asubuhi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mchoro wako umefika salama, umekunjwa vizuri kama shuka la hospitali. Wifi yako alipoufungua alidhani ni karatasi ya kufungia mikate, kwa jinsi inavyopitisha mwanga. Nilimnyang'anya kabla hajaufanyia kazi hiyo.

Asante kwa kunipigia debe mbele ya kamati ya ujenzi. Nimetandika vigae katika mji huu tangu nikiwa na nywele kichwani: bafu za hoteli, korido za benki, majiko ya hospitali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutazama chini akauliza, "Fundi ni nani?" Watu hutazama sakafu wakiwa wamedondosha funguo tu. Sasa wewe, dada mtu mwenyewe, umenitafutia sakafu ambayo watu watainama kuisoma. Nimenunua hata suruali mpya ya kazi.

Kanisa jipya liko ghorofani, juu ya chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Mlango uko kusini, madhabahu kaskazini, na madirisha makubwa yako mashariki na magharibi. Mwenyekiti wa kamati, yule mpima ardhi mstaafu, amefurahi mno. Anasema mtu akiingia atakuwa ameelekea kaskazini, na ramani itamlalia miguuni inavyotakiwa. Mzee huyu ni wa kupima kila kitu. Juzi nilimkuta akikikagua kikombe cha chai kama kimekaa sawa mezani.

Lakini Dada, naomba unieleweshe. Nilizoea kanisani tunaweka njiwa, samaki, pengine mzabibu. Wewe umeniletea miji. Tena Babeli! Tena huyo aliyejenga mji wa kwanza katika Maandiko si Kaini, hata damu ya nduguye haijakauka mikononi? Nikiulizwa na waumini nitawajibu nini?

Mdogo wako,
Magoti

(Ndiyo, bado wananiita hivyo. Sasa wananiita hata wale niliowafundisha kazi.)


13 Februari

Magoti,

Marahaba. Swali lako ni zuri, na limenishangaza, maana nakumbuka ulivyokuwa ukisinzia darasani, tena darasa lenyewe langu.

Ni kweli, mji wa kwanza aliujenga muuaji aliyekuwa akiogopa kuuawa. Lakini tazama mambo yalivyokwenda. Habari zetu zinaanzia bustanini. Ningekuwa mimi, baada ya fujo zote zile ningewarudisha watu bustanini nikafunga geti. Mungu hakufanya hivyo. Mwisho kabisa anashusha mji, wenye mitaa na malango, na malango hayafungwi. Alichukua kitu ambacho Kaini alikibuni kwa woga, akakimalizia Yeye kwa upendo. Ndiyo maana nimekuchorea miji.

Nilifundisha historia miaka mingi, na vitabu vyote vilinifundisha kuihesabu miji kwa wafalme wake. Nilipostaafu na kuanza kuhubiri ndipo nikaanza kuitazama kwa jicho lingine. Ninawi ulikuwa mji wa kuogopwa na dunia nzima, na Yona alikaa nje kununa akisubiri uteketezwe. Bwana akamwonea huruma kila mtu mle ndani, na mifugo pia. Babeli uliwabeba watu wa Mungu mateka, na huko huko wakajifunza kusali bila hekalu. Kama wasingejifunza Babeli, wangesali vipi walipotawanyika duniani? Aleksandria ilikuwa na wasomi, na humo Maandiko yakatafsiriwa kwa Kigiriki, lugha ya sokoni ya dunia ya wakati ule. Roma ilitengeneza barabara ili majeshi yapite. Majeshi yalipita. Nyuma yao akapita mshona mahema mmoja, Paulo, akiwa na Habari Njema.

Na jambo moja zaidi, kwa kuwa tunaandikiana: sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua, na nyingi kati ya hizo ziliandikiwa watu wa mijini. Wakorintho, Waefeso, Wafilipi, Warumi. Watu kama wewe, wenye kodi ya nyumba na majirani wenye kelele.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu hivi: hakuna mji mkubwa duniani uliomshinda Mungu. Na ukitandika, tandika kwa kujidai. Nakuruhusu.

Dada yako,
Mwalimu


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Kazi imeanza, na nimekuwa mtu mashuhuri. Hata mwuza maji nje ya geti ananisalimia "Mzee wa Babeli."

Ngoja nikueleze ninavyofanya, usije ukadhani nazubaa. Picha ya vipande vidogo huwezi kuitandika kipande kimoja kimoja juu ya saruji, maana saruji haimsubiri mtu. Kwa hiyo naipanga kwanza mezani. Natandaza mchoro, juu yake nabandika vipande kwa gundi ya unga, nyuso zikitazama chini. Karatasi ikijaa naibeba, naipindua juu ya saruji mbichi, nagongagonga kwa ubao, kisha nailowesha na kuibandua. Hapo ndipo uso wa kazi unapoonekana kwa mara ya kwanza. Ni kama kuoa kizamani.

Sasa angalia akili ya mdogo wako. Nikajiambia, kama nabandika uso chini, basi maandishi yatatokea kinyumenyume, na watu watasoma majina ya miji kama wasomaji wa kioo. Kwa hiyo majina yote nimeyapanga pembeni, kwa kutumia kioo cha wifi yako cha kusukia nywele. Yametoka sawasawa! Mwenyekiti alisimama juu ya Ninawi akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, akanipa mkono. Mpima ardhi, Dada, amenipa mkono.

Bahari nimeitengenezea vigae vya buluu vilivyobaki kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja. Usiwaambie waumini.

Magoti


18 Machi

Magoti,

Kioo cha nywele! Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Ombi langu ni moja. Antiokia usiubane. Najua kwenye mchoro ni nukta tu kandokando ya Yerusalemu na Roma, lakini humo ndimo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Hawakujiita wao. Waliitwa na watu wa mtaani, watu wa mji, wenye ulimi wa kubandika majina ya utani, kama huyo mwuza maji wako. Jina letu kubwa tulipewa na mji. Na mji huo huo ndio uliofunga, ukasali, ukawawekea mikono Paulo na Barnaba, ukawatuma. Uwekee kigae cha dhahabu, hata kimoja.

Nimekwisha kumwambia mwenye basi aniwekee kiti cha dirishani kwa safari ya kuja kuweka wakfu.

Mwalimu


16 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya kujisifu.

Imekwisha! Kipande cha mwisho kiliingia jana. Nimeisafisha, nimeipaka mafuta, nikasimama mlangoni kama bwana harusi. Kuanzia Babeli mpaka Roma, Dada, na bahari yote katikati. Antiokia ina kigae cha dhahabu, na tayari watu wanakikanyaga kwa makusudi, kila mmoja anataka awe amesimama pale.

Lakini utakachokipenda ni Roma. Asubuhi jua linapochungulia dirisha la mashariki, kitu cha kwanza linachokigusa ni Roma. Inawaka kama sufuria jipya. Yerusalemu iko upande ule mwingine, inangoja jua la jioni, imetulia kama mama mwenye nyumba. Wifi yako aliposimama pale asubuhi alinyamaza kabisa, na wewe unamjua wifi yako.

Mwenyekiti ameniambia nitie alama ya jina langu kwenye kona. Mimi! Nimetandika vigae mji mzima sijawahi kutia jina hata bafuni.

Njoo, Dada. Njoo uone mdogo wako alichofanya.

Magoti


24 Aprili

Mdogo wangu,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na wifi awe karibu.

Nimeisoma yako mara ya kwanza nikajisikia fahari mpaka machozi. Nimeisoma mara ya pili nikatoa atlasi yangu ya shule, nikajiambia pengine uzee umenifikia.

Magoti, Roma iko magharibi ya Yerusalemu. Mtu akiingia kwa mlango wa kusini ameelekea madhabahu, magharibi iko mkono wake wa kushoto. Roma inatakiwa iangaliane na dirisha la jua la jioni. Wewe umeniandikia jua la asubuhi.

Tafadhali niambie umekosea kuandika, si kutandika.

Dada


30 Aprili

Dada,

Sijakosea kuandika.

Nimesimama mle ndani na atlasi ya jirani mkononi nikageuza kitabu pande zote, nikitafuta upande wa kunitetea. Hakuna. Majina niliyageuza. Pwani sikugeuza. Mchoro wako unapitisha mwanga, unafanana mbele na nyuma, nami nikautandaza ulivyotoka kwenye bahasha. Nilipaswa kuupindua kabla ya kubandika kipande cha kwanza. Paulo wangu anatoka Yerusalemu kuelekea mashariki, kisha eti anafika Roma. Angefika kwingine kabisa, maskini, na mahema yake.

Cha ajabu hakuna aliyeona. Watu husoma majina, na majina ni sawa kabisa. Mwenyekiti anapita juu yake kila siku, mikono nyuma, anatabasamu.

Sasa kuna jambo nilikuficha, na nisipolisema leo sitalisema tena. Kabla sijaanza kazi hii, daktari alinionyesha picha ya magoti yangu. Akaniambia, "Mzee, hapa hakuna kilichobaki cha kupigia goti. Maliza unayoimaliza, kisha tafuta kazi ya kukaa." Kwa hiyo hii ndiyo sakafu yangu ya mwisho. Ikivunjwa siwezi kuitandika tena. Atakuja fundi mwingine na magoti yake mapya, na mimi nitakuwa mtu wa bafu za hoteli mpaka naingia kaburini.

Tunaojua ni wewe na mimi, na wifi yako ambaye amenyamaza tena, safari hii kwa namna nyingine. Nikae kimya?

Magoti


6 Mei

Mdogo wangu,

Magoti. Mtu wa kuficha mambo wewe. Tutaligombea nikifika.

Na kosa si lako peke yako. Ni mimi niliyechora kwenye karatasi ya kupitisha mwanga bila kuandika "upande wa juu". Mwalimu mzima!

Ukiniuliza kama dada aliyekubeba mgongoni, nitakwambia kaa kimya, na mtu yeyote akikugusa anione. Ukiniuliza kama mhubiri, unajua nitakavyosema. Kwa hiyo usiniulize. Amua, nami nitasimama na wewe, hata wakitukanyagia jina.

Dada


15 Mei

Kwa Mheshimiwa Mhubiri Mgeni,

YAH: SAKAFU YA KANISA

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Tarehe 11 mwezi huu fundi alifika mbele ya kamati bila kuitwa, akaeleza kwa hiari yake kwamba ramani ya sakafu imegeuka kushoto kulia. Kamati ilikwenda kukagua na kuthibitisha.

Kwa masikitiko tunakujulisha kwamba kamati imeazimia sakafu hiyo ivunjwe na kutandikwa upya. Nyumba ya Mungu haiwezi kuwa na ramani ya uongo. Tunaomba uahirishe safari yako.

Nje ya azimio: mimi nimepima ardhi maisha yangu yote. Nilitembea juu ya ramani ile kila siku, nikaisifu, nikampa fundi mkono. Yeye angeweza kunyamaza. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sijui kama ni kwa ajili ya sakafu au kwa ajili yangu.

Wako katika kazi ya Bwana,
Mwenyekiti, Kamati ya Ujenzi


21 Mei

Mzee wangu Mwenyekiti,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na aya ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi.

Sitakuomba umhurumie mdogo wangu. Amekosea, na mimi nimekosea pamoja naye. Ila kabla nyundo haijashuka, naomba unisikilize kama mpima ardhi.

Ramani uliyoisomea huchorwa na aliye juu. Ndivyo mfalme anavyouona mji, na jemadari, na ndege. Mimi mwenyewe nilifundisha hivyo: nani aliuteka, nani aliujengea ukuta. Lakini watu wetu hawakuiona Roma kutoka juu. Walikuwa watumwa, wapagazi wa bandarini, wafua nguo, wauza vitambaa, washona mahema. Walizika wafu wao chini ya mji, katika mashimo waliyoyachonga kwenye mwamba, wakakusanyika humo kuwakumbuka, barabara za Kaisari zikiwa juu ya vichwa vyao. Mji ule uliwakanyaga. Wao wakaubeba, na mwisho wakaugeuza, nao ukawa mlango ambao jina la Yesu lilipitia kwenda pande nyingine za dunia. Hayo ndiyo niliyotaka sakafu yenu iseme, na mchoro wangu haukuyasema. Niliuchora kama ndege.

Sasa nakuuliza, wewe mwenye fani yako: ramani iliyogeuka kushoto kulia ukiitazama kutoka juu, ni ya nani? Ni nani anayeiona sawasawa?

Naambiwa chini ya kanisa lenu kuna chumba cha watoto. Shuka huko na vifaa vyako, halafu uamue. Ukisema ivunjwe, nitakuja kushika tindo mwenyewe.

Akuheshimuye,
Mwalimu


1 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Usiahirishe safari ya basi!

Jumamosi mafundi wawili walikuja na nyundo na tindo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, sitaki kuona na sitaki kuondoka. Wifi yako alinishika bega. Mara akatokea Mwenyekiti, koti na tai kama siku ya komunyo, barua yako ikichungulia mfukoni. Akawaambia wale vijana, "Kanyweni chai kwanza." Kisha kwangu: "Fundi, niletee ngazi na chaki. Tunashuka."

Tukaingia chumba cha watoto. Dada, mzee yule alifanya kazi sijawahi kuona. Alipanda juu akapima kutoka ukutani hadi Roma, akashuka, akapima vile vile darini, nikamwekea alama ya chaki. Akapanda tena, Antiokia. Akashuka. Yerusalemu. Babeli. Kila mji tukauweka darini, moja kwa moja chini ya pale ulipo juu. Nikamwambia, "Mzee, utachoka." Akanijibu, "Nyamaza, shika ngazi."

Tulipomaliza akatazama dari, akageuka huku na huku, akakunja uso. Kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka sakafuni kuelekea madhabahu yaliyo juu yetu, akalala chali, kichwa juu ya koti, miguu kuelekea mlango. Mwenyekiti wa kamati! Na tai yake shingoni!

Akanyoosha kidole, akazifuata alama za chaki moja baada ya nyingine. Kisha akasema polepole, "Roma iko kushoto."

Nikasema, "Eeh?"

"Kushoto, fundi. Magharibi. Yerusalemu kulia, Babeli kulia kabisa. Bahari iko mahali pake. Kila kitu kiko mahali pake." Akapigapiga sakafu kando yake. "Lala hapa uone kazi yako."

Nikalala. Nimetandika sakafu maisha yangu yote nikiwa nimepiga magoti, pua karibu na saruji, na sikuwahi hata siku moja kuitazama kazi yangu nikiwa nimelala kwa raha. Miji yote ile juu yetu, Dada, alama za chaki tu kwenye dari ya watoto, na ilikuwa sawa. Ninawi, Aleksandria, Efeso. Nilijiona kama mmoja wa wale watu wako wa chini ya Roma, na sikuona aibu. Niliona fahari.

Mwenyekiti akasema, "Nimeipima ardhi nikiwa nimesimama juu yake. Miaka yote hiyo."

Kilichofuata ni kwamba tulishindwa kuinuka. Mimi kwa magoti, yeye kwa mgongo. Wifi yako aliposhuka kuuliza kuna nini alitukuta tumelala bega kwa bega, akarudi juu mbio kuwaita wale vijana wa nyundo. Wakatunyanyua. Ndiyo kazi pekee waliyoifanya siku hiyo.

Kamati imekaa upya. Sakafu inabaki. Dari ya watoto itapakwa rangi, miji ile ile, pale pale tulipoweka chaki, na Mwenyekiti anasisitiza atasimamia mwenyewe. Pia ameagiza kwamba siku ya kuweka wakfu kila mtu ashuke kwanza chini akatazame, ndipo apande. Ataanza yeye, na mikeka imekwisha kuagizwa.

Kuhusu jina langu kwenye kona, aliniuliza tena. Nimemwambia nisingependa liwe juu, ambako watu hutafuta funguo zao. Tumeliweka darini, kwa herufi ndogo, kandokando ya Antiokia.

Njoo na nguo ambayo hutaijali ikishika vumbi, Dada, maana utahubiri ukiwa umesimama, lakini kwanza utalala.

Mdogo wako, aliyelala chali,
Fundi